Taji Huja Mwishoni

Zaburi ya 146 ina mistari kumi tu. Inaanza kwa sifa, kisha inamwonya msikilizaji asiwategemee wakuu, kwa kuwa siku wanayorudi mavumbini mipango yao nayo hufa. Hapo ndipo linapokuja jambo ninalolistahi sana katika ushairi wa Kiebrania. Mtunzi anapanga vipande vitano mfululizo, vifupi, vya maneno matatu hivi kila kimoja. Kila kipande kinaanza na jina la Mungu, kinataja kazi moja, kisha watu wanaofanyiwa kazi hiyo: wafungwa, vipofu, walioinamishwa, wenye haki, wageni. Yatima na mjane wanafuata. Hadi hapo Mungu hajaitwa mtawala. Utawala unatajwa katika mstari wa mwisho, na unapotajwa hauhitaji kuelezwa, maana tumekwisha kuuona ukifanya kazi gerezani na njiani. Taji limecheleweshwa makusudi.

Ushairi huu hauna vina kama tulivyozoea, wala mizani ya kuhesabiwa kwa vidole. Nguvu yake iko katika kipande cha pili kinachokijibu cha kwanza, kukikaza au kukipeleka mbele. Robert Lowth aliueleza utaratibu huo katika mihadhara yake ya Oxford iliyochapishwa mwaka 1753. Kwa hiyo mahali neno linapowekwa ni jambo zito. Zaburi ya 97, kwa mfano, inaanza na enzi, mawingu na giza, lakini kabla moto haujatokea, mtunzi ameshatuambia kiti cha enzi kimesimama juu ya nini: haki na hukumu njema.

Wazo kwamba mfalme humlinda mnyonge lilikuwa la kale hata zaburi hizi zilipotungwa. Hammurabi wa Babeli, katika karne ya 18 kabla ya Kristo, alichonga kwenye jiwe, ambalo leo liko Louvre, Paris, kwamba aliweka sheria ili mwenye nguvu asimwonee dhaifu, na mjane na yatima wapate haki. Ni maneno mazuri, ila anayejisifu ni mfalme mwenyewe. Zaburi ya 72 inamwombea mfalme wa Israeli, na mpangilio wake unamfunga: wafalme wa mbali wanamletea kodi na kumsujudia, na sababu inayotajwa mara baada ya hapo ni kwamba anamwokoa maskini anayelia. Heshima yake imetundikwa kwenye kilio cha mtu asiye na msaidizi.

Kisha ufalme wenyewe ukaanguka. Yerusalemu ilibomolewa na Wababeli yapata mwaka 586 kabla ya Kristo. Zaburi zote 150 zimegawanywa katika vitabu vitano, na cha tatu kinaishia kwenye Zaburi ya 89, inayolia kwa sababu taji la ukoo wa Daudi limetupwa chini. Katika kitabu cha nne ndimo zilimo zaburi za 93 na 95 hadi 99, zinazotangaza ufalme wa Mungu. Gerald Wilson, katika utafiti wake wa mwaka 1985, alionyesha kwamba mpangilio huo una maana. Aliyezipanga alikuwa mshairi kwa njia yake: alitunga kwa kutumia tungo nzima za wengine.

Lakini ufundi ulionishika zaidi uko katika Zaburi za 9 na 10, ambazo katika tafsiri ya kale ya Kigiriki ni zaburi moja. Zinafuata herufi za Kiebrania, alef, bet na kuendelea. Anayeijua Dura Mandhuma, shairi la Kiswahili lililofuata herufi za Kiarabu, atajua nidhamu hiyo inavyomdai mtunzi. Hapa herufi zinakwenda vizuri, isipokuwa moja iliyokosekana, hadi mwanzo wa Zaburi ya 10. Ndipo anaingia mwovu, anayewavizia maskini vijijini kama simba na kujiambia kwamba Mungu haoni. Anapochukua nafasi, herufi zinavurugika, na kadhaa hazipo. Wapo wanaosema waandishi walionakili waliharibu maandishi. Huenda, lakini mimi siwezi kuusoma mvurugo huo bila kuusikia ukisema alichofanya mtu yule kijijini. Kisha inatokea herufi ya qof, na kwayo Mungu anaitwa ainuke. Herufi inayofuata, resh, inafungua kwa kusema Mungu ameona, jibu kamili kwa majivuno ya mwovu. Shin inafuata, Mungu anatangazwa mfalme wa milele, kisha tav, na alfabeti imefika mwisho wake kwa utaratibu. Mistari ya mwisho inamtaja yatima na aliyeonewa.

Ujasiri wa watunzi hawa unafika kilele katika Zaburi ya 82, yenye mistari minane. Mungu anasimama katikati ya baraza la miungu na kuishitaki. Haulizi nani ana radi kali zaidi wala nani ameshinda vita. Kosa ni moja: imewapendelea waovu na kumwacha dhaifu na yatima. Kwa kosa hilo misingi ya dunia inatikisika, na miungu inahukumiwa kufa kama wanadamu. Mtu angetegemea zaburi iishie hapo, hukumu imetolewa. Mtunzi anaongeza mstari mmoja. Sauti inabadilika, anayesema sasa ni binadamu, na anamgeukia Mungu aliyetoka kuhukumu na kumtaka asimame aihukumu dunia, kwa sababu mataifa yote ni yake. Kipimo kilichoiangusha miungu mingine kimewekwa mbele ya Mfalme huyu naye, na aliyekiweka hana cheo chochote barazani.