Thiaroye: Ahadi ya Jenerali na Haki ya Askari

Filamu ya Camp de Thiaroye, iliyotengenezwa mwaka 1988 na Ousmane Sembène na Thierno Faty Sow, inastahili kutazamwa na kujadiliwa na kila kada. Ni kazi ya Waafrika wenyewe: Senegal, Algeria na Tunisia ziliunganisha nguvu kuitengeneza. Lakini sifa peke yake si uhakiki.

Kisa chake ni cha kweli. Mwaka 1944 askari wa Kiafrika walioipigania Ufaransa, wakatekwa na Wajerumani, walirudishwa katika kambi ya Thiaroye karibu na Dakar. Walidai malimbikizo ya mishahara yao. Tarehe 1 Desemba jeshi lile lile walilolitumikia likawamiminia risasi. Ufaransa ilitangaza vifo 35, na ni mwaka 2024 tu Rais wake alipokiri kwamba yale yalikuwa mauaji ya kikatili.

Katika filamu, Pays, aliyepoteza usemi kwa mateso ya Buchenwald, ndiye anayeviona vifaru usiku. Wenzake wanamwona mwendawazimu, kwani wamekwisha kuamini ahadi ya jenerali. Fundisho ni wazi: ahadi ya mkubwa si haki. Haki ni ile ambayo mnyonge anaweza kuidai bila kuuawa.

Kasoro ya filamu ni kwamba unyonyaji unaonekana kama hila za maofisa waovu. Mtazamaji aweza kudhani jenerali mwema angetosha. Sivyo. Sheria ya Ufaransa ya mwaka 1974 iligandisha pensheni za askari wastaafu wa Senegal, huku za wenzao Wafaransa zikipanda. Haikuhitaji kifaru. Wastaafu 743 walilalamika mbele ya Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa, na mwaka 1989 Kamati ikaamua kwamba huo ni ubaguzi: pensheni ilitokana na utumishi, si uraia. Hata hivyo usawa wa pensheni za vita ulisubiri hadi 2007, wengi wakiwa wamekwisha kufa.

Wapo ndugu wanaosema aliyebeba bunduki ya mkoloni hastahili kutetewa. Tunawapinga. Wengi waliandikishwa kwa nguvu, na ujira wa mtu haufutwi kwa sababu tajiri wake alikuwa dhalimu. Kumtetea askari si kuitetea vita aliyotumwa.

Jambo hili halijapita. Mwezi Januari 2023 Serikali yetu ilithibitisha kifo cha Mtanzania aliyekuwa kifungoni Urusi, akaahidiwa msamaha endapo angepigana Ukraine. Ahadi ya jenerali imebadili lugha tu.

Kwa hiyo makada wasiishie kuwalaani wanaoandikisha. Wawafundishe vijana kuuliza kabla ya kuondoka: mkataba u wapi, nikijeruhiwa nani atalipa, na nitamshitaki nani? Pasipo jibu, hiyo si ajira. Ni Thiaroye nyingine.