Abunuwasi si Mjanja Tu: Utambuzi, Fikra na Akili katika Hekaya Tatu

Wahenga walisema akili ni nywele, kila mtu ana zake. Methali hii tunaifundisha kila mwaka, lakini tukifika kwenye hekaya za Abunuwasi tunaisahau. Muhula uliopita nilikwenda kukagua mazoezi ya ufundishaji katika shule moja ya sekondari hapa Uganda. Mwanafunzi aliyekuwa akifundisha alisimulia vizuri sana kisa cha harufu ya nyama, kisha akauliza: "Abunuwasi ni mtu wa namna gani?" Darasa zima likajibu kwa sauti moja: "Mjanja!"

Mvulana mmoja aliyeketi nyuma alikuwa bado ameinua mkono. Alipopewa nafasi alinyamaza kidogo akitafuta maneno, maana Kiswahili si lugha ya nyumbani kwao. Akaambiwa, "Keti, umechelewa." Baada ya kipindi nilimfuata nikamwuliza alitaka kusema nini. Akanijibu: "Mwalimu, mimi naona mjanja alikuwa tajiri. Abunuwasi alimsikiliza tu."

Mimi nilikuwa nimekwisha kuandika kwenye fomu yangu kwamba somo lilikwenda kwa kasi nzuri. Makala haya yametokana na aibu hiyo.

Msamiati unaotuponza

Wanasaikolojia hutenganisha mambo ambayo sisi walimu wa lugha huyachanganya. Kwanza kuna hisi: jicho, sikio, pua, ulimi na ngozi hupokea habari kutoka nje. Pili kuna utambuzi, yaani kazi ya kuzipa habari hizo maana. Tatu kuna fikra, ambayo ni kuunganisha jambo na jambo ili kufikia uamuzi. Hatimaye kuna akili, uwezo wa kuvitumia vyote hivyo mtu anapokutana na hali asiyoizoea.

Katika madaftari ya wanafunzi wetu, akili, werevu, ujanja, busara na hekima huandikwa kama visawe. Si visawe. Mjanja anaweza kusifiwa na anaweza kulaaniwa, kutegemea nani kaumia. Neno akili tumelipata kutoka Kiarabu, na huko lina undugu na neno la kamba ya kumfungia ngamia mguu asipotee. Kwa asili yake, basi, akili ina maana ya kujizuia pia. Tukiwa na tofauti hizo mkononi, tuzisome upya hekaya tatu ambazo kila mwalimu anazijua.

Harufu kwa mlio

Maskini anakula chakula chake kikavu karibu na nyumba ya tajiri anayepika nyama. Harufu inamfanya akione chakula kitamu. Anapomshukuru tajiri kwa wema huo, tajiri anamshitaki na kudai malipo. Abunuwasi anachukua fedha, anazigonganisha, tajiri anasikia mlio wake, na kesi inakwisha: aliyeuza harufu amelipwa mlio.

Kwa kawaida tunaeleza kwamba Abunuwasi amempiga tajiri chenga. Lakini tazama kwa makini. Abunuwasi hakukana kwamba maskini alipata faida. Maskini mwenyewe alikwisha kukiri kwamba harufu ilimburudisha. Alichokifanya Abunuwasi ni kuuliza faida hiyo ilikuwa ya aina gani. Ilikuwa ya hisi peke yake: pua ilipokea, mkono haukushika, tumbo halikujaa. Basi malipo yake nayo yawe ya hisi, yaingie sikioni na yasifike mfukoni. Hukumu hiyo inapima kitu kwa kitu cha jinsi yake. Yule mvulana wa nyuma alikuwa na haki. Abunuwasi ameyasikiliza madai ya tajiri mpaka mwisho, akayachukua kwa uzito, kisha akayalipa kama yalivyo.

Moto wa ng'ambo

Katika kisa cha pili mtu anakesha ndani ya maji ya baridi usiku kucha ili apate zawadi. Mama yake anawasha moto mbali, mahali ambapo mwanawe anaweza kuuona. Asubuhi ananyimwa zawadi kwa hoja kwamba aliota moto. Abunuwasi anawaalika wakubwa karamuni, anawasha moto upande mmoja na kuweka vyakula upande mwingine, mbali. Wageni wanapolalamika kwa njaa, anawajibu kwamba ikiwa moto wa mbali humpasha mtu, hata nyama utaivisha.

Hapa wanafunzi hucheka, nasi tunaishia kwenye kicheko. Tungepaswa kuwauliza swali moja: je, ule moto haukumsaidia yule kijana? Ulimsaidia sana. Haukuipasha ngozi yake, lakini ulimpa moyo, kwani aliutambua kuwa ni ishara kwamba mama yuko macho pamoja naye. Hisi ilipokea mwanga, utambuzi ukaufanya kuwa tumaini. Waliomnyima zawadi walichanganya joto na maana. Huu ndio utajiri wa hekaya hii, na ni kasoro yake pia, kwa sababu msimulizi anamsahau mama mara tu moto unapowaka. Hapewi jina wala neno la kusema, ilhali ndiye wa kwanza katika kisa hiki kuelewa jinsi akili ya mtu inavyoweza kushikiliwa na kitu anachokiona.

Kwamba jicho peke yake haliamui tunachokiona si jambo la hekaya tu. Mwaka 1966 Segall, Campbell na Herskovits walichapisha kitabu juu ya utamaduni na utambuzi wa macho. Waliwaonyesha watu wa jamii mbalimbali, wakiwemo Wanyankole na Watoro wa hapa kwetu, mistari miwili yenye urefu sawa. Mmoja ulikuwa na mabawa yanayofunguka kwenda nje, mwingine mabawa yanayorudi ndani. Watu wengi huuona ule wa kwanza kuwa mrefu zaidi. Wamarekani wa Evanston walidanganyika zaidi kuliko Wanyankole na Watoro. Watafiti walifikiri kwamba sababu ni kukulia katika nyumba na vyumba vya pembe nne. Maelezo hayo yamebishaniwa tangu hapo, lakini funzo limebaki: macho ni yale yale, na kuona hutofautiana.

Sufuria iliyozaa

Kisa cha tatu ndicho kinachopendwa kuliko vyote. Abunuwasi anaazima sufuria kwa jirani na kuirudisha pamoja na nyingine ndogo, akisema imezaa. Jirani anafurahi na kupokea. Anapoazima tena haitoi, anasema imekufa. Jirani anapokataa, anaambiwa kwamba kinachozaa lazima kife.

Kwa upande wa fikra, hiki ndicho kisa bora cha kufundishia. Ukikubali msingi, umekubali na matokeo yake. Jirani hakuwa mpumbavu. Tamaa ilimfanya aache kufikiri pale ambapo kufikiri kungemnyima sufuria ndogo. Hata hivyo, kwa maoni yangu kisa hiki ni duni kuliko viwili vya kwanza. Kule Abunuwasi alikuwa wakili wa mnyonge, na hakuondoka na kitu. Huku anaondoka na sufuria ya mwenzake. Mantiki ni ile ile, kinachobadilika ni nani anayefaidika. Hapa kweli ni mjanja, na darasa linaloweza kueleza kwa nini neno hilo linafaa hapa na halifai kule limejifunza uhakiki.

Obugezi na saa ya mwalimu

Sasa turudi kwa kijana aliyeambiwa amechelewa. Mwaka 1974 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Mallory Wober kuhusu neno obugezi, ambalo kwa Kiganda ndilo lililo karibu na akili. Wanakijiji wa Buganda walilihusisha neno hilo na upole wa mwendo, yaani kutokuwa na haraka. Waliokuwa wamezama zaidi katika elimu ya kizungu walilihusisha na kasi. Maana yake ni kwamba mtoto anaweza kutoka nyumbani akiwa amefunzwa kwamba mwenye akili hutulia kabla ya kunena, akafika kwetu akaadhibiwa kwa utulivu huo huo. Na si Waganda tu. Waswahili nao husema mwenda pole hajikwai, na haraka haraka haina baraka. Methali hizi tunazipa alama katika mtihani wa fasihi, kisha tunazivunja katika mtihani wa mazungumzo.

Jambo hili lina uzito zaidi sasa. Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliagiza Kiswahili kifundishwe kama somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Watoto wengi watakutana na lugha hii kwa mara ya kwanza mikononi mwa walimu tunaowaandaa sisi. Wakijifunza kwamba Kiswahili ni lugha ya wanaowahi kujibu, wengi wenye obugezi watakaa kimya.

Hitimisho

Walimu wenzangu, sipendekezi tuziondoe hekaya za Abunuwasi. Napendekeza tubadili swali. Badala ya "Abunuwasi ni mtu wa namna gani?" tuulize, "Abunuwasi aligundua nini ambacho wengine hawakukiona, na nani alifaidika?" Tukishauliza, tungoje. Katika fomu ya ukaguzi, ile nafasi ya kasi ya somo iandikwe pia muda ambao mwalimu alimwachia mwanafunzi afikiri.

Yule mwanafunzi aliyekuwa akifundisha nilimwita tukazungumza, nikamwambia kosa lilikuwa letu sote wawili. Wiki iliyofuata alirudi darasani akaanza na mvulana wa nyuma.