Mji Mkongwe: Tazama Paa Kabla ya Milango

Kwa mtu wa Nyaramba, Kaunti ya Nyamira, bandari kubwa ya karibu ni Kisumu. Lakini anayetaka kuona bandari kongwe iliyofufuliwa pamoja na utamaduni wake, na avuke hadi Unguja. Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingia katika Orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000. Wageni husifu milango iliyonakshiwa. Siri ya kazi ya kuufufua iko kwenye paa na kuta.

Kuta hizo ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na dari hubebwa na boriti za mikoko. Vyumba vingi ni vyembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti. Paa likivuja, ncha za boriti zilizozikwa ukutani huoza, dari hulegea, na ukuta uliokosa cha kuushika huanza kupinda. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilitaifishwa, wakaingia wapangaji wa kodi ndogo, na ukarabati ukakosa mwenyewe.

Mamlaka ya kuuhifadhi na kuuendeleza mji iliundwa mwaka 1985. Fundi akarudishwa kwenye chokaa: jiwe huchomwa, chokaa huzimwa kwa maji na kuachwa ikomae, kisha huchanganywa na mchanga. Saruji ni ngumu na hukauka upesi, lakini huziba ukuta. Unyevu na chumvi vikikosa pa kutokea, hula jiwe ndani kwa ndani. Waliokandika nyumba za udongo huku Nyamira wanaijua hesabu hiyo: ukuta unaopumua hudumu, mradi usichoke kuukandika upya.

Hatua ya pili ilikuwa kuyapa majengo kazi. Ngome Kongwe, iliyojengwa na Waomani karne tatu zilizopita, iliwekewa ukumbi wa wazi, ikawa jukwaa la tamasha la filamu la ZIFF, lililoanza 1998, na la muziki la Sauti za Busara, lililoanza 2004. Bustani ya Forodhani ilifunguliwa upya mwaka 2009, na wauza samaki na urojo wakabaki na nafasi yao.

Hesabu haikukubali kila mahali. Beit al-Ajaib, jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883, lilikaa limefungwa kwa miaka. Tarehe 25 Desemba 2020, likiwa katikati ya ukarabati, sehemu yake iliporomoka na kuua watu wawili.

Hukumu yangu ni hii: Mji Mkongwe uliokolewa pale chokaa na matumizi vilipokwenda pamoja. Tamasha huleta watu na fedha, lakini halizibi paa. Kaunti inayotaka kufufua majengo yake ya kale itenge kwanza bajeti ya ukarabati wa kila mwaka, ndipo ipange sherehe ya uzinduzi.