Utamu wa Kambi: Namna ya Kuyasikiliza Masimulizi ya Askari wa Keya

Katika masimulizi ya mdomo ya nchi zetu iko aina moja ambayo wahakiki wameipita bila kuisalimu, nayo ni hadithi za wazee waliokuwa askari wa Keya, yaani King's African Rifles, juu ya maisha yao ya kambini. Methali zimepata wachunguzi wake, na ngano na tenzi hali kadhalika. Lakini mzee aketiye barazani akasifu buti alilopewa mwaka 1943 hakupata mtu. Sababu si ngumu kuiona. Sifa zile zatutia haya. Twamsikia mtu akililia jeshi la mtawala wake, wala hatujui tufanye nini na kilio hicho, basi twageuza uso. Nataka kuonyesha kwamba kugeuza uso ni kosa la uhakiki, na kwamba mimi mwenyewe nimelitenda.

Yafaa tuanze na umbo. Aliyewasikiliza wazee watatu au wanne atatambua ya kuwa masimulizi haya yana kanuni kama ngano zilivyo na kanuni. Hufunguliwa kwa tarumbeta ya alfajiri. Hufuata vitu vilivyotolewa ghalani: buti, blanketi, mkanda, sahani ya bati. Kisha huja kwata na jua lake. Kisha posho, nayo huhesabiwa kwa uangalifu mkubwa, nyama, sukari na majani ya chai. Kisha ngoma za usiku wa mapumziko, kila kabila na ngoma yake. Hakosi kuwamo sajini mkali, ambaye ni jini na baba kwa wakati mmoja. Mwisho husemwa kwamba vijana wa siku hizi hawajui adabu.

Kisichomo ni vita. Mtu aliyepita bonde la Kabaw mwaka 1944 pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, katika mvua na tope la Burma, hata mto Chindwin ukavukwa mwezi wa Desemba, atakueleza jiko la kambi kwa saa nzima, na mto atauvuka kwa sentensi moja.

Tukiyalinganisha masimulizi haya na maandishi, tofauti ni kubwa. Shaaban Robert, katika Utenzi wa Vita vya Uhuru uliochapwa mwaka 1967 baada ya kufa kwake, ametupa vita bila kambi: majeshi na mataifa yashindana, lakini yeye hakuwa askari, na kitanda cha askari si jambo lake. Waruhiu Itote, aliyetumikia Keya huko Burma kisha akawa jemadari wa Mau Mau, alitoa kitabu chake mwaka huo huo wa 1967. Kwake jeshi ni njia ya kufumbuliwa macho: azungumza na askari wa Kiingereza, kisha na Mmarekani mweusi huko Calcutta, akaanza kujiuliza apigania nini. Bildad Kaggia, katika kitabu cha mwaka 1975, aeleza hali kadhalika jinsi safari za kijeshi za Mashariki ya Kati na Uingereza zilivyombadili. Waandishi hawa wawili walijua walikofika, nao waliipanga kambi iwe ngazi ya kufikia huko. Mzee wa barazani hakufika popote ila nyumbani. Kwake kambi si ngazi. Ni chumba, naye hurudi kukaa ndani yake.

Je, chumba hicho kilikuwa kizuri kama asemavyo? Hapana. Mshahara ulipimwa kwa rangi ya ngozi. Kiboko, ambacho Waingereza walikwisha kukiondoa katika jeshi lao wenyewe mwaka 1881, kiliendelea kuwa adhabu ya askari Mwafrika hata katika Vita Kuu ya Pili. Meli ya Khedive Ismail, ikitoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa tarehe 12 Februari 1944, wakafa watu karibu 1,300, mamia yao wakiwa askari wa mizinga wa Afrika Mashariki; na msiba huo ni nadra kusikika penye habari za sukari na chai. Tena wake za askari waliishi humo humo, katika nyumba zilizokaguliwa kama bunduki zinavyokaguliwa, lakini katika hadithi huonekana mlangoni tu. Asiyeamini kwamba kambi ilikuwa na uchungu na aukumbuke mwezi wa Januari 1964, askari wa Tanganyika walipoasi katika kambi ya Colito, kisha wa Uganda huko Jinja na wa Kenya huko Lanet. Wale wa Colito walidai nyongeza ya mshahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Hayo ni madai ya watu waliokuwa bado ndani ya chumba, si ya wanaokikumbuka.

Basi mhakiki aweza kukata shauri upesi kwamba mzee ni mwongo, au kwamba akili yake imetawaliwa. Mwingine, mwenye huruma zaidi, atasema mzee alilia ujana wake tu, kwa kuwa kila mtu huona utamu wa mahali alipokuwa na nguvu. La pili lina ukweli, lakini halitoshi. Ujana waweza kukumbukwa kwa mapenzi, kwa safari au kwa ngoma. Kwa nini ukumbukwe kwa blanketi?

Hapa ndipo sina budi kuungama. Katika mwaka 1986, nilipokuwa mwanafunzi, nilitumwa na mwalimu wangu kuandika habari za mzee mmoja jirani yetu aliyepigana Burma. Alinipokea vizuri, akaniita mjukuu wake, akazungumza nami jioni tatu. Alisema Kiswahili cha Keya, kile ambacho wasomi wetu wamekidharau kwa kuwa ngeli zake zimevunjika na kukanusha kwake ni kwa neno moja tu, hapana. Nami nilikuwa nimelelewa katika sarufi ya Kiswahili Sanifu. Jioni ya pili akaniambia: «Blanketi yangu na blanketi ya mtu ya Nyasa iko sawa. Hii kitu mimi hapana sahau.» Niliporudi nyumbani nikaandika kwa hati nzuri: «Sote tulipewa mablanketi sawasawa.» Aliponiambia kwamba hakupata tena siku njema kama zile, sikuandika kitu. Niliona ni maneno ya kitumwa, yatamwaibisha.

Nilidhani nimesahihisha lugha. Kumbe nilikuwa nimebadili ushahidi. Neno «sote» ni neno langu, wala si kweli, maana hawakupewa sawasawa sote. Mzee hakusema sote. Alisema mtu ya Nyasa, yaani askari mwenzake, mtu mweusi wa nchi nyingine na lugha nyingine. Mpaka wa usawa ule aliuweka mwenyewe, mahali hasa ulipokuwa: ulianza kwa askari na kuishia kwa askari, na Mzungu hakutajwa kwa kuwa hakuwamo. Sarufi yangu iliufuta mpaka huo, ikamfanya mzee aseme uwongo ambao hakuusema.

Hapo twapata jibu la blanketi. Kilichopendwa hakikuwa jeshi, bali kipimo. Kambini mtu alijua apewa nini, lini na kiasi gani, na jirani yake alipewa kiasi hicho hicho mbele ya macho yake. Mdhalimu alikuwako, lakini mizani yake ilionekana. Waliorudi mwaka 1945 na 1946 hawakuikuta mizani. Huko Kenya serikali ilitengeneza mpango wa kuwapatia askari wa Kizungu mashamba katika nyanda za juu. Askari Mwafrika alirudi katika rizavu aliyotoka. Mtu wa namna hiyo akisema hakupata tena siku njema, haisifu Uingereza. Aushtaki ulimwengu uliomngojea nje ya lango. Sifa ya kambi ni shtaka lililovaa nguo za furaha, na mimi nililifuta shtaka kwa kuchukia nguo zake.

Msomaji aweza kuuliza kama tafsiri hii si upole kupita kiasi. Wako wazee, hapana shaka, waliopenda jeshi kwa sababu liliwapa amri juu ya wenzao, na kiboko wakakishika wenyewe. Siwatetei hao. Nasema tu kwamba hatutaweza kumtenga huyu na yule mpaka tumeyaweka maneno yao kama yalivyotoka, ngeli zilizovunjika na zote, na kando ya kila sifa tuulize: usawa na nani? Nani hakutajwa? Nani alibeba maji? Timothy Parsons, katika kitabu chake juu ya askari wa kawaida wa Keya kilichotoka mwaka 1999, aliwahoji wazee wengi kwa ajili ya historia. Lakini kazi ya fasihi, ya kusikiliza sentensi yenyewe, yatungojea sisi wenye lugha, na wasemaji wake wamekwisha kwenda karibu wote.

Kambi ya Colito ilipewa jina kwa ajili ya ushindi wa majeshi ya Kiingereza huko Ethiopia mwaka 1941. Leo yaitwa Lugalo, kwa ajili ya ushindi wa Wahehe wa Mkwawa juu ya Wajerumani mwaka 1891. Taifa lina haki ya kubadili majina ya kambi zake, na badiliko hili lilikuwa jema. Lakini mhakiki si taifa. Hana ruhusa ya kubadili jina ambalo mzee ameipa jioni yake.

Daftari langu la mwaka 1986 ninalo bado. Mzee alifariki kabla sijajifunza kumsikiliza. Katika kurasa zote nilizomwandikia, sentensi yake moja tu ndiyo ninayoweza kuapa kwamba ni yake, kwa kuwa haikuandikwa daftarini, ilinikaa masikioni.