Staringi Naye Anauawa: Jinsi Watazamaji wa Kariakoo Walivyoibashiri Sultan

Azam TV ilipoileta Sultan kwa sauti za Kiswahili, mwisho wa tamthilia hiyo haukuwa siri tena. Waturuki walikwisha kuitazama kwao tangu 2011 hadi 2014, sehemu 139, kwa jina la Muhteşem Yüzyıl. Sultani mwenyewe, Suleiman wa dola ya Uthmaniya, alifariki 1566. Isitoshe, Kariakoo haikosi mfanyabiashara anayekwenda Istanbul kufuata mzigo wa nguo, na huko muuza duka yeyote angemwambia nani aliuawa na nani alirithi. Ubishi haukukatika hata hivyo. Kwenye maduka ya vitenge ya Mtaa wa Kongo na kwenye vijiwe vya kahawa, kila mtu alikuwa na utabiri wake na ushahidi wake. Tuuchambue utabiri huo: ulijengwa juu ya nini, upi ulisimama, upi ulianguka.

Utabiri mkongwe kuliko wote ni ule usemao kwamba staringi hauawi. Haukuanza na Sultan. Ulizaliwa enzi za filamu za Kihindi na za kung fu, Avalon, Empress na Odeon zilipokuwa zikijaa watu, ukakulia kwenye vibanda umiza. Kwa sheria hiyo Ibrahim Pasha alikuwa salama. Yumo tangu mwanzo, ni rafiki wa ujanani wa Sultani, amepandishwa hadi uwaziri mkuu, na tamthilia imemwoza dada yake Sultani. Juu ya hayo, Suleiman amemwapia kwamba hatamuua maadamu yeye mwenyewe yu hai. Mtazamaji angetaka bima gani zaidi?

Hapo ndipo mwandishi alipotega. Kiapo hakikuwekwa kumlinda Ibrahim, kiliwekwa ili kifo chake kiwe kigumu kutekelezwa, na ugumu huo ndio uliowashikilia watazamaji. Suleiman hakukivunja kiapo. Alimwendea mwanachuoni, akapewa mlango wa kutokea: aliyelala huhesabiwa kama aliyekufa, basi Sultani akiwa usingizini kiapo hakimbani. Wauaji wakaingia chumbani mwa Ibrahim. Historia nayo inasema aliuawa ndani ya kasri, usiku wa Machi 15, 1536, katika mwezi wa Ramadhani, baada ya kufuturu na bwana wake. Waliopatia hapa walikipima kiapo kama mkataba wa pango: kimesemaje, na mwanya uko wapi. Waliopima upendo wa marafiki wawili walikosa.

Mtego wa pili ulikuwa Mustafa, mwana wa Suleiman na Mahidevran. Huyu alibeba utabiri wa moyo: kijana hodari, mpole, mpenzi wa askari, basi kiti ni chake. Kila sifa aliyoongezewa ilihesabiwa kuwa hatua ya kukikaribia kiti. Ukweli ni kwamba kila sifa ilikuwa hatua ya kulikaribia kaburi, na ushahidi ulikuwa wazi kwa aliyeutafuta kwa baba. Selim wa Kwanza, babake Suleiman, alimwondoa baba yake mwenyewe madarakani mwaka 1512 kwa nguvu za askari. Sultani aliyezaliwa katika nyumba hiyo akiona jeshi linamshangilia mwanawe, haoni mrithi bali anaona historia inajirudia. Ongeza sheria inayonasibishwa na Mehmed wa Pili, iliyomruhusu anayetwaa kiti kuwaua ndugu zake, ndipo utaelewa kwa nini Hürrem, mke wa Suleiman mwenye wana wake wa kuwalinda, hakuwa na njia ya katikati.

Chombo cha kuukamilisha mtego kilikuwa muhuri. Barua ya kughushi yenye muhuri wa Mustafa, kana kwamba anaomba msaada kwa Shah Tahmasp wa Uajemi, ikafika mikononi mwa baba, na mkono wa waziri mkuu, Rüstem Pasha, ukiwa nyuma yake. Mustafa alinyongwa Oktoba 1553 huko Ereğli, ndani ya hema la baba yake, jeshi likiwa njiani kwenda kupigana na Uajemi. Mtazamaji aliyezoea kuangalia vitu kuliko nyuso alikwisha kushtuka mapema. Kitu kinachopewa nafasi kubwa kuliko thamani yake, kama ile pete ya zumaridi aliyoichonga Suleiman na kuivisha Hürrem huku Mahidevran akiitamani, hakikuwekwa kwa urembo. Pete ilionyesha nani anapanda. Muhuri ulionyesha nani anashuka.

Wapo waliotumia hesabu ya kuondoa, na hao ndio waliolenga shabaha. Hawakuuliza nani anastahili. Waliuliza nani atabaki kati ya wana wa Sultani. Mehmed alifariki kwa ndui mwaka 1543. Mustafa akanyongwa. Cihangir akafariki mwaka huohuo wa 1553, wiki chache baada ya kaka yake. Bayezid alishindwa vita na nduguye, akakimbilia Uajemi, akauawa huko 1561 pamoja na wanawe. Akabaki Selim, ambaye hakuna aliyempigia debe. Kariakoo ina uzoefu wa hesabu hii. Watu wa pale wameona duka la marehemu likigombewa na watoto wa mama mbalimbali, na wanajua kwamba anayeishia na funguo si lazima awe yule aliyesaidiana na mzee kaunta.

Sasa tuje kwenye utabiri ulioanguka bila kosa la mwenye kutabiri. Hürrem alibadilika sura. Meryem Uzerli aliiacha kazi 2013 na nafasi yake ikashikwa na Vahide Perçin. Aliyetafuta sababu ya sura mpya ndani ya hadithi alikuwa anachimba pasipo maji, kwa sababu chanzo kilikuwa nje ya kasri, kwenye mikataba na maisha ya waigizaji. Mwandishi naye alibadilika. Meral Okay, aliyeibuni tamthilia hiyo, alifariki Aprili 2012, kalamu ikachukuliwa na Yılmaz Şahin. Kwa hiyo fumbo lililotegwa mwanzoni na mkono mmoja lilifumbuliwa na mkono mwingine, na mbegu nyingine hazikuota kabisa.

Sababu nyingine ni mkato, na hii haizungumzwi sana. Sehemu moja ya tamthilia ya Kituruki huko kwao hufika saa moja na nusu au zaidi. Ikiuzwa nje hukatwa vipande vya kama dakika arobaini na tano. Maana yake ni kwamba lile jicho la mwisho la Hürrem, muziki ukipanda na majina yakianza kupita, huenda lilikuwa katikati ya onyesho na wala halikukusudiwa kuwa fumbo. Mhariri wa biashara ndiye aliyeligeuza fumbo, na mtaa ukalala nalo. Utiaji sauti una shida ya namna hiyo: mtia sauti lazima aende na midomo ya Mturuki, hivyo sentensi hufupishwa au hunyooshwa. Kutabiri kwa kushikilia neno moja lililotamkwa mara moja ni hatari. Kiapo cha Suleiman kilikuwa ushahidi mzuri kwa sababu kilirudiwa, kikatajwa na watu tofauti, kikawa mzigo hadharani.

Hukumu yangu ni hii: ushahidi wenye nguvu katika Sultan ulikuwa wa namna tatu, yaani sheria ya nyumba ile, vitu vilivyorudiwa, na mambo waliyoyafanya baba na babu. Wenye kuzifuata namna hizo tatu walipatia hata bila kufungua kitabu cha historia. Sura, machozi na miziki ya mwisho vilidanganya.

Waandishi wetu wa tamthilia wana somo la kuchukua hapo. Mtazamaji wa Dar es Salaam ana subira na kumbukumbu, na akipewa kiapo leo atakidai baada ya miezi. Msimtatulie fumbo kwa ajali ya gari, kwa ndoto, wala kwa pacha aliyetoka mkoani bila kutajwa kabla. Mtegeeni mapema, mtegeeni hadharani, kisha mlipeni haki yake.