Lugha ya Kufafanulia: Shule za Kiyidi na Kiswahili cha Uvira

Wahakiki wa sera za lugha nchini Kongo wamezoea kulalamika kwamba Katiba ya 2006 inakitaja Kiswahili miongoni mwa lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Kilingala na Tshiluba, ilhali lugha rasmi ni Kifaransa peke yake. Lalamiko hilo ni la haki, lakini limekosa shabaha. Kinachokipungukia Kiswahili cha Uvira si cheo. Ili kulithibitisha hilo tutakilinganisha na Kiyidi, lugha iliyosemwa na Wayahudi wengi wa Ulaya ya Mashariki.

Katika heder, chuo cha dini cha Wayahudi hao, mtoto alisoma Torati kwa Kiebrania, na mwalimu akamfafanulia kwa Kiyidi. Msomaji aliyewahi kukaa chuoni mbele ya msahafu ataitambua hali hiyo mara moja: Kiarabu husomwa, Kiswahili hufafanua. Lugha ya kufafanulia ndiyo inayobeba maana, ila haitahiniwi. Wasomi wengi wa Kiyahudi walikibeza Kiyidi kwa kukiita jargoni, kama vile Kiswahili cha Kongo kilivyobandikwa jina la Kingwana na kuhesabiwa kuwa Kiswahili kilichovunjika. (Ajabu ni kwamba jina lenyewe limetokana na uungwana.)

Walimu wa shule za Kiyidi zisizo za dini waliipindua hali hiyo. Chama cha wafanyakazi cha Workmen's Circle kilianzisha shule zake za watoto huko New York mnamo 1918. Mwaka 1921 shirika la Tsysho liliundwa Warsaw, na katika shule zake hesabu, historia na sayansi zilifundishwa kwa Kiyidi. Iliyokuwa lugha ya kufafanulia ikawa lugha ya somo. Hapo ndipo kazi ilipoanza: istilahi zilihitajika, vitabu vilihitajika, tahajia ilizusha mabishano makali. Taasisi ya YIVO, iliyoanzishwa Vilna mwaka 1925, ilitoa kanuni za tahajia mwaka 1937. Hakuna dola iliyokuwa na Kiyidi kama lugha yake ya taifa ambayo ingewabebea mzigo huo.

Uvira haikupata kuwa na shule ya namna hiyo. Kiswahili kilifika huko karne ya 19 kwa biashara ya misafara iliyopitia Ujiji, na shule za misheni zilikitumia katika madarasa ya chini kama ngazi ya kupandia. Shule za serikali zisizo za dini, alizoziasisi waziri Auguste Buisseret kuanzia 1954, zilielekea Kifaransa. Hivyo katika Kongo mzazi aliyetaka kumkwepa padri alimkimbilia Mfaransa. Sheria za elimu za 1986 na 2014 zimeruhusu lugha za taifa au za mazingira katika madarasa ya mwanzo, lakini ngazi imebaki ngazi.

Yawezekana mtu akatupinga kwamba shule hazikukiokoa Kiyidi. Kweli. Marekani watoto walihamia Kiingereza. Poland waliuawa pamoja na wazazi na walimu wao katika vita vya 1939–1945. Lakini Kiswahili cha Uvira hakihitaji kuokolewa. Kuanzia bandari ya Kalundu hadi Kavimvira, ndagala huuzwa kwa Kiswahili, ugomvi huamuliwa kwa Kiswahili. Pingamizi zito zaidi ni jingine: Kivira, Kifuliiru na Kibembe vitakaa wapi siku Kiswahili kitakapopewa ubao? Mtetezi wa Kiswahili asiyelijibu swali hilo anarudia kosa la heder akiwa upande wa wenye nguvu, nasi hatudai kwamba tumelijibu.

Hata hivyo, kisingizio cha kukosa vitabu na istilahi hakikubaliki. Ng'ambo ya ziwa, Tanzania imefundisha masomo ya shule ya msingi kwa Kiswahili tangu 1967. Katika kambi ya Nyarugusu, wilayani Kasulu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kuwapokea wakimbizi waliotoka hasa Kivu Kusini, watoto wa Kikongo wamesomeshwa mtaala wa kwao kwa Kifaransa. Sababu inaeleweka: vyeti vitambuliwe watakaporejea nyumbani. Nje ya kambi hiyo, mtoto wa Kitanzania wa umri uleule hufundishwa sehemu na desimali kwa lugha ambayo jirani yake Mkongo huitumia kuulizana na wenzake, kwa sauti ya chini, mwalimu amesema nini.