Mtu wa Sauti

Timu ya video ikishuka kwenye gari, kila mmoja ana la kufanya. Mwongozaji anatafuta mahali pa kuweka kiti cha msemaji, mpigapicha anaangalia jua liko upande gani, msaidizi anashusha mataa na stendi. Mtu wa sauti anavaa hedifoni, anawasha maiki, anasimama katikati ya chumba na kunyamaza. Anaielekeza maiki dirishani, kisha darini, kisha kwenye ukuta wa jirani. Asiyeijua kazi atadhani anapoteza muda. Kwangu mimi, hapo ndipo ufundi wake unapoanza kuonekana, kabla kamera haijatolewa hata kwenye begi.

Dar es Salaam haimpi unafuu. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni 5.3 mkoani humo, na wengi wao riziki yao hutangulizwa na sauti: muuza kahawa anagonganisha vikombe, konda anagonga bodi ya daladala, mmachinga amerekodi bei zake na kuziacha zijirudie kwenye spika kutwa nzima. Hapo hatujagusa pikipiki, bajaji, jenereta la dukani na mashine ya kukata vyuma mtaa wa pili. Na juu ya vyote hivyo wapo kunguru. Waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 ili wale taka, wakaongezeka, wakaenea hadi bara, na sasa mwembe usio na kunguru mjini ni wa kutafuta. Mmoja tu akitua kwenye bati anaweza kuharibu jibu ambalo mzee wa miaka 80 hatalirudia kwa uzito ule ule.

Fundi aliyeiva halilazimishi jiji kunyamaza. Anazijua saa zake. Anajua kwamba adhana ya adhuhuri itaanza kati ya saa sita na saa saba mchana, na kwamba Magomeni au Kariakoo, kwenye misikiti mingi iliyo karibu karibu, haianzi kwa pamoja: mmoja unamaliza, wa pili uko katikati, wa tatu ndio unaanza. Kwa hiyo mahojiano yanapangwa yaishe kabla, au timu inakula wakati huo. Anajua saa ambayo shule ya jirani inawaachia watoto. Akipelekwa Kipawa au Ukonga, karibu na uwanja wa ndege, anauliza mapema ndege zinakuja kwa kufuatana saa ngapi. Miezi ya masika anakataa nyumba ya mabati isiyo na dari, hata iwe nzuri kiasi gani kwa macho, kwa sababu mvua ikianza hakuna mashine ya kuiondoa kwenye maneno ya mtu.

Hapo anagongana na mpigapicha, na wote wawili wana haki. Dar iko karibu nyuzi saba kusini mwa ikweta. Mchana jua linakaa utosini, linaweka vivuli vyeusi chini ya macho ya watu, kwa hiyo mpigapicha anaitaka asubuhi au jioni. Asubuhi kunguru wameamka. Jioni foleni imejaa, honi hazikatiki, magharibi inakaribia, na giza la ukanda wetu huingia haraka. Nuru ile nzuri haingoji lori lipite. Nimeona mabishano ya aina hii yakimalizwa kwa kugeuza kiti tu: msemaji akapewa mgongo wa ukuta mnene badala ya dirisha, nuru ikaingia kwa ubavu, barabara ikabaki nyuma ya maiki.

Kuna kanuni ya fizikia ambayo fundi huyu anaibeba mikononi. Ukiisogeza maiki kutoka mita moja hadi nusu mita mbele ya kinywa cha msemaji, sauti yake inapanda kwa takriban desibeli sita. Lori lililo mita hamsini halioni tofauti yoyote. Ndiyo maana mshika bumu, yaani fimbo ya maiki, anahangaika kupata sentimita chache zaidi. Anasimama na fimbo ya mita kadhaa juu ya kichwa, mikono imenyooka, maiki ikining'inia nje kidogo tu ya fremu, na mpigapicha akisema “umeingia”, anapanda upana wa kidole, hapandi zaidi. Watu wakizungumza wawili anaizungusha maiki kwa kiganja kabla wa pili hajafungua kinywa, kwa kuwa amekuwa akimsikiliza, amesikia pumzi anayovuta mtu anayetaka kujibu. Usikivu huo haununuliwi dukani. Vifaa vimerahisisha mengi tangu Stefan Kudelski atengeneze kinasa sauti cha kubeba cha Nagra huko Uswisi mwaka 1951, na siku hizi vipo vinasa sauti visivyochafua sauti hata mtu akipiga kelele ghafla. Lakini hakuna kinachoweza kuisogeza maiki iliyowekwa mbali.

Maiki ndogo ya kubana nguoni ina adabu zake. Mwezi wa Februari, joto na unyevu wa Dar vinailegeza gundi ya utepe ndani ya saa moja. Kitenge kipya chenye wanga kinakwaruza. Mtandio wa nailoni unakwaruza zaidi. Msemaji akiwa mama, fundi anayejiheshimu anaanza na shikamoo, anaeleza kitu hiki ni nini, anamwonyesha mama mwenyewe jinsi ya kupitisha waya ndani ya nguo, kisha anageuka pembeni. Binti wa mama akiwapo, anaombwa asaidie. Naliona hili kuwa sehemu ya ufundi, tena si ndogo, kwa sababu mtu aliyeshikwashikwa na mgeni hawezi kuzungumza kwa utulivu dakika mbili baadaye, na sauti yake itasema hivyo.

Halafu kuna kazi ya kubisha hodi. Jirani mwenye redio, kijana wa kuchomelea vyuma, mwenye baa aliyefungua muziki mchana: wote hawa wana haki ya kuendelea na shughuli zao. Kibali cha kupiga picha hakimnyamazishi mtu kwenye uwanja wake. Anayetumwa na timu akifoka, mashine zinaongezeka. Mtu wa sauti anakwenda mwenyewe, anasalimia, anauliza kazi ya hapa inapumzika saa ngapi, anaomba nusu saa, na nusu saa ikiisha anarudi kushukuru. Ndani ya nyumba anaomba kuzima feni, kiyoyozi na friji. Kwenye friji iliyozimwa mafundi wengi huweka funguo za gari, ili wasiondoke bila kuiwasha tena na kumwachia mwenye nyumba samaki walioharibika.

Mwisho wa mahojiano anaomba kila mtu abaki alipo kwa dakika moja. Anarekodi chumba chenyewe, na watu wote wakiwa ndani, kwa sababu miili yao na nguo zao pia hubadilisha mlio wa chumba. Mhariri akikata sentensi mbili na kuziunga, ataziba pengo kwa dakika hiyo. Akiliacha tupu, sikio la mtazamaji litajikwaa. Waongozaji wenye haraka huitoa dakika hii kama sadaka. Ingefaa waitoe kama mshahara.

Bajeti ikipungua, mtu wa kwanza kukatwa ni huyu, na maiki ya juu ya kamera inaachiwa kazi yake, mita tatu kutoka kwa msemaji. Huko ni kuutupa ushahidi wa watu. Mzee anayesimulia Kariakoo ya ujana wake anastahili kusikika kila silabi, na jiji lake lisikike nyuma kwa kiasi chake, kwa kuwa Kariakoo isiyo na mlio wowote nayo si ya kweli. Kwa hiyo fundi anarekodi soko peke yake pia, dakika kadhaa, kwa faili tofauti, mhariri aamue aliweke kwa kiwango gani. Pamoja na faili anakabidhi karatasi: kipande cha pili kina ndege mwishoni, cha tatu kina kunguru kwenye jina la marehemu, tumia cha nne.